Sura isiyo ya steringi: mtu wa pembeni ataishije kwa uigizaji Uganda?

SWALI

"Mwalimu, salaam. Naishi Arua, nina miaka 29. Nimeigiza tangu shule, na sasa niko kwenye kikundi kinachocheza maigizo ya afya sokoni, kwenye makazi ya wakimbizi, na mara chache redioni. Kila igizo napewa baba mkwe, askari wa kizuizi cha barabarani, mlevi au mganga. Kijana mwenye mchumba sipewi kamwe. Wenzangu wanasema sura yangu si ya steringi, na nikienda Kampala nitaishia kufungua geti kwenye filamu za watu. Je, mtu anaweza kujenga maisha kwa kucheza watu wa pembeni tu, jukwaani na kwenye skrini? Kiswahili changu kitanifaa, au lazima nianze upya na Kiluganda? Na je, nihamie Kampala?"

JIBU

Ndugu yangu wa Arua,

Anaweza. Wapo wanaoishi hivyo, na baadhi yao wamefika mbali kuliko masteringi waliokuwa wakiwasindikiza. Ila kuna sharti ambalo nalitanguliza kwa sababu mengine yote yanalitegemea: mtu wa pembeni awe ndiye unayemtaka. Ukimcheza huku unangojea siku utakayopewa kijana mwenye mchumba, itaonekana usoni. Mimi hukaa kwenye meza ya kuchagua waigizaji, na anayecheza askari huku akitamani nafasi ya mwenzake hujulikana kabla hajamaliza sentensi ya pili. Anamharakisha askari wake. Anamfanya mkali tu, kwa kuwa ukali ni njia ya mkato, kisha anatutupia jicho kuona kama tumemwona.

Tazama kazi ya Abby Mukiibi Nkaaga. Mwaka 2005 Kevin Macdonald alikuja Uganda kupiga filamu ya The Last King of Scotland. Forest Whitaker alikuwa Idi Amin, akajifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi hiyo, na mwaka 2007 akatwaa Oscar. Lakini Amin yule anatisha kwa sababu ya watu wanaomzunguka, na mmoja wao ni Masanga, mtu wake wa usalama, anayechezwa na Mukiibi. Humo humo yumo Stephen Rwangyezi, mwanzilishi wa Ndere Troupe, akicheza waziri Wasswa. Hawa hawakuokotwa njiani. Mukiibi alitoka kwenye jukwaa la Kiluganda na kundi la Afri-Talent, sauti yake ikijulikana redioni, na alikuwa ameshacheza Kanali Bagosora katika Sometimes in April, filamu ya Raoul Peck kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda. Rwangyezi alikuwa na miaka mingi ya ngoma na masimulizi jukwaani. Filamu kubwa ilipohitaji watu wa kumzunguka steringi wa kigeni, iliwakuta wameshaiva.

Mwingine ni Ntare Guma Mbaho Mwine, Mmarekani mwenye wazazi Waganda. Mwaka 2003 alileta National Theatre ya Kampala igizo la mtu mmoja aliloliandika mwenyewe, Biro, kuhusu Mganda mwenye virusi vya UKIMWI. Kwenye skrini utamkuta katika Blood Diamond, utamkuta katika Queen of Katwe, na ukiuliza watu ni nani, wengi watakwambia, "Huyu namjua, nimemwona mahali." Kwa mwigizaji wa aina yetu, maneno hayo ni sifa kubwa.

Sasa tufanye hesabu, kwa kuwa umeniuliza habari ya kuishi. Steringi wa tamthilia hufungwa na kazi moja kwa miezi, na ikiisha, sura yake imekwisha kuzoeleka hata watayarishaji wengine wanaogopa kumchukua upesi. Wewe utaitwa siku tatu huku, wiki kule, ucheze daktari kwenye moja na mwizi wa mifugo kwenye nyingine, na mtazamaji hatalalamika. Umri nao uko upande wako. Kijana mwenye mchumba ana miaka michache ya kuaminika. Baba mkwe anaanza kunoga miaka 45 na kuendelea. Kila mvi itakuongezea kazi badala ya kukupunguzia. Ndiyo maana siwaelewi wenzako wanaokuhurumia.

Nikuonyeshe ninachomaanisha ninaposema kumtaka mtu wa pembeni, kwa kumchukua askari wako wa kizuizi. Tuseme ana maneno manne: "Simama. Kitambulisho. Unatoka wapi? Pita." Steringi yuko ndani ya gari na ana siri kwenye buti. Waigizaji wengi watapiga kelele na kugonga bati la gari. Lakini jiulize kwanza: askari huyu amesimama hapo tangu saa ngapi? Viatu vinambana? Amelipwa mwezi huu? Halafu uliza lile ambalo wengi hawaliulizi: anajua kusoma? Tuseme anasoma kwa shida. Basi atakishika kile kitambulisho muda mrefu kuliko kawaida, macho yatatembea polepole, kidole kitatafuta mahali pa kutulia. Steringi ndani ya gari atadhani amegundulika. Watazamaji watashika roho. Wewe hukuongeza hata neno, hukumnyang'anya mwenzako tukio, bali umempa hofu ya kweli ya kuichezea. Na tukio likiisha, mtu aliyetazama atakuwa amemwogopa askari yule na kumhurumia kwa pamoja. Hiyo ndiyo kazi, na mimi naipenda kuliko kazi nyingine yoyote iliyoko jukwaani.

Askari huyo huyo, jukwaani na mbele ya kamera, anafanywa kwa namna mbili tofauti. Jukwaani mtu wa kiti cha mwisho haoni macho yako. Kutojua kusoma kule inabidi kuhamie mabegani, kwenye namna unavyogeuka kutafuta mwanga, kwenye kimya ambacho wewe mwenyewe unakipima kwa kusikiliza ukumbi. Ukumbi wenyewe ndio utakaokwambia kama umezidisha. Mbele ya kamera hakuna ukumbi. Tukio moja litapigwa kwanza kwa mbali, kisha kwa karibu, kisha uso wa mwenzako, kisha wako, na kila mara lazima ufanye yale yale: kama ulipokea kitambulisho kwa mkono wa kushoto kwenye neno "wapi", uwe mkono wa kushoto na neno "wapi" mpaka jioni. Mhariri akikuta mkono umebadilika, atakata uso wako abaki na wa steringi, na kazi yako yote imekwenda. Watu wa jukwaa wanaohamia kwenye skrini huumia zaidi hapo kuliko kwenye sauti. Sauti hupungua baada ya siku mbili. Kurudia kitendo kile kile bila kukiua ni mazoezi ya miaka, nawe unaweza kuyaanza leo nyumbani na kikombe cha chai.

Jambo jingine la kamera: unapocheza bila kupigwa wewe, yaani kamera iko kwa mwenzako nawe umesimama nyuma yake ukimpa maneno, mpe kila kitu. Wengine hapo husoma maneno kama wanasoma bei. Steringi hukumbuka nani alimsaidia, na masteringi husikilizwa wanapotaja majina.

Kuhusu lugha. Kiswahili chako usikiache, ila usikitegemee peke yake. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ikakifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini kwenye filamu zetu bado Kiswahili ni lugha ya sare: askari, polisi, dereva wa lori, mtu wa mpakani. Na waigizaji wengi wa Kampala wanacho kile cha amri tu, "kuja hapa", "leta kitu kidogo", basi. Wakiombwa kumcheza kamanda anayembembeleza mwanawe kwa Kiswahili, wanakwama. Wewe hukwami. Tena nakusihi uende mbali zaidi: jifunze Viswahili vilivyo karibu nawe kimoja kimoja. Mzee wa Kinubi wa Bombo hakizungumzi kama mfanyabiashara aliyetoka Bunia ya Kongo, na wote wawili hawafanani na mwalimu wa Tanga. Arua unao watu wa namna zote hizo sokoni na kwenye stendi ya mabasi. Kaa nao, sikiliza wanapovuta pumzi, wanapokata maneno, wanavyohesabu pesa. Mtayarishaji wa hadithi ya Kongo au ya Sudan Kusini akipiga Uganda, mtu anayeweza kutofautisha hayo ni nadra, na anayekuwa nadra hulipwa.

Kiluganda nacho kijifunze, bila kinyongo. Jukwaa la Kampala lilijengwa kwa Kiluganda, tangu Wycliffe Kiyingi alipoanzisha kundi lake miaka ya 1950, mpaka Byron Kawadwa, mpaka makundi ya Ebonies na Bakayimbira Dramactors yaliyojaza kumbi kila mwisho wa wiki. Huhitaji kukizungumza kama mzaliwa wa Mengo. Mtu anayekuja mjini kutoka kaskazini yumo katika hadithi nyingi, na mara nyingi huchezwa na Mganda anayejikamua lafudhi na kumfanya kichekesho. Wewe mcheze kwa heshima yake. Watu wa Arua na Gulu wamengoja muda mrefu kuona hilo.

Na pale lugha zinapokuishia, una mwili. Robert Serumaga na kundi lake la Abafumi, wakati wa Amin, walipunguza maneno jukwaani kwa sababu maneno yalikuwa hatari, wakasimulia kwa miondoko, ngoma na pumzi. Igizo lao Renga Moi lilisafiri nchi nyingi na kueleweka na watu wasiojua lugha hata moja ya Uganda. Hatari yenyewe haikuwa ya kusadikika. Kawadwa, aliyekuwa akiongoza National Theatre, aliuawa mwaka 1977 muda mfupi baada ya kurudi kutoka FESTAC, tamasha la sanaa za Waafrika lililofanyika Lagos, ambako kundi la Uganda lilicheza Oluyimba lwa Wankoko, igizo lake. Nakwambia haya ili ujue unaposimama pale jukwaani umesimama mahali pa nani. Mtu anayedharau nafasi ya maneno manne amesahau kwamba kuna waliolipia maneno hayo kwa uhai.

Hatari yako wewe ni ya namna nyingine, nayo ni sare. Ukimcheza askari vizuri mara mbili, utaletewa askari mpaka uchoke. Mkenya Joseph Olita alimcheza Amin katika filamu ya mwaka 1981, na miaka kumi baadaye filamu ya Mississippi Masala ilipomtaka Amin, aliitwa yeye tena. Umbo lake lilikuwa limekwisha kumwamulia. Hapa kwetu Sam Bagenda wa Ebonies alimcheza mhusika Dr. Bbosa kwa muda mrefu hata watu humwita kwa jina hilo barabarani. Kwake imekuwa heshima na riziki, silaumu. Lakini kama unataka upana, weka utaratibu wa kukataa. Ukishacheza askari wawili mfululizo, wa tatu mkubali tu kama skripti inampa kitu kipya: ni mwoga, au anaimba kwaya, au mkewe ndiye anayekwenda kazini naye anabaki kambini kubeba mtoto. Mwombe mwandishi. Waandishi wetu wengi wanafurahi mtu wa pembeni akiwauliza swali la maana, kwa kuwa karibu hakuna anayewauliza.

Sasa pesa. Jukwaa peke yake halitakulisha. Miaka ya 1980 na 1990 kumbi zilijaa. Baadaye vikaja vibanda vya video na mavijei wao, yaani watafsiri wanaosimulia filamu papo hapo, televisheni, kisha usiku wa vichekesho wa Alhamisi, na kumbi zilizofungwa mwaka 2020 kwa ajili ya korona hazikuruhusiwa kufunguka kikamilifu mpaka Januari 2022. Makundi mengi hugawana mapato ya mlangoni, na mlango ukiwa mkavu, mgawo ni nauli. Skrini imeongezeka: chaneli ya televisheni Pearl Magic ilianza mwaka 2018, Pearl Magic Prime mwaka 2021, na tamthilia ya kila siku hula watu wa pembeni kwa wingi, madaktari, majirani, mawakili, mashangazi. Uganda Film Festival ya UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, imekuwapo tangu 2013 na ni mahali pa kukutana na waongozaji. The Girl in the Yellow Jumper ya Loukman Ali ilifika Netflix mwishoni mwa 2021, ya kwanza kutoka Uganda. Lakini hata hivyo kuna miezi mikavu, na ndiyo maana kila mtu wa pembeni ninayemheshimu ana ufundi wa pili ulio ndani ya kazi hii hii. Michael Wawuyo mkubwa anajulikana kwa kutengeneza majeraha na makovu ya filamu kama anavyojulikana kwa kuigiza. Hata siku asipopewa mhusika, yuko kwenye seti, anaona, anaonekana. Mwanawe, Wawuyo Jr., ndiye mmoja wa nyota wa ile filamu ya Loukman Ali niliyoitaja.

Kwako wewe ningesema redio na mafunzo ya shule. Msimu wa mashindano ya MDD, yaani muziki, ngoma na maigizo, unapofika, shule hutafuta watu wa kuwatengenezea igizo, na zinalipa. Redio inakupa sauti kumi tofauti kwa mchana mmoja, tena kwa mtu anayejua Kiswahili na Kilugbara hapo Arua pana vituo vinavyohitaji matangazo na michezo ya kuelimisha. Maigizo ya afya usiyaache. Mtu aliyewahi kuushika umati wa makazi ya wakimbizi ya Bidibidi, chini ya jua, bila kipaza sauti, watoto wakipita katikati, hatatishwa na kamera.

Mikataba naitaja kwa ufupi lakini isome kwa kirefu. Iandikwe ni siku ngapi, siku ikipita saa walizokubali unalipwaje, nauli na malazi ni ya nani, siku ikiahirishwa asubuhi unapata nini, na jina lako litaandikwaje mwishoni. Kwa matangazo ya biashara, uliza yatarushwa muda gani na kama unazuiwa kufanya kazi na mshindani wao. Ukifungwa mwaka mzima kwa malipo ya siku moja, umeuza uso wako kwa bei ya kutupa. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006 inamtambua mwigizaji na haki zake, kwa hiyo kuuliza si utovu wa adabu. Chukua TIN, namba ya mlipakodi, mapema, kwa sababu kampuni kubwa hukata asilimia 6 ya kodi ya zuio kwenye malipo yanayozidi shilingi milioni 1, na bila TIN huwezi kuidai hesabuni mwako.

Kuhamia Kampala? Bado. Kukaa Kampala bila kazi hugharimu kuliko kusafiri kwenda kwenye usaili ulioitwa. Njoo kwa kazi, kaa siku za kazi, nenda National Theatre jioni utazame wenzako, jitambulishe baada ya onyesho, rudi. Siku ambayo simu za Kampala zitakuwa nyingi kuliko basi la Arua linavyoweza kukuhimili, hapo hamia. Kama unataka shule, Makerere imefundisha uigizaji tangu 1971, lakini kwa umri wako na uzoefu wako nisingeuza kiwanja kwa ajili ya cheti.

Cha kufanya wiki hii ni kurekodi video ya kujitambulisha. Tumia simu, iweke kwa ulalo na uitegemeze mahali isitikisike. Simama mbele ya ukuta mtupu, mwanga wa dirisha ukupige usoni, mchana, feni na redio zimezimwa. Sema jina, umri unaoweza kuucheza, mji na lugha zako. Kisha cheza vipande viwili, vyote visizidi dakika mbili. Cha kwanza mzee, kwa Kiswahili, akimkatalia mtu jambo bila kupandisha sauti. Usivae sare wala kanzu ya mganga, shati la kawaida linatosha. Cha pili mwanamume wa umri wako anayeomba msamaha, na hicho kicheze kwa Kilugbara, bila maandishi ya tafsiri chini.